Je, Wajua? Simu Imezeeka, au Ni Betri Tu?

Mkulima wa Sugoi, Uasin Gishu, siku hizi hufanya shughuli zake nyingi kwa simu. Ujumbe wa mbolea ya ruzuku, inayouzwa shilingi 2,500 mfuko wa kilo 50 tangu 2023, humfikia kwa simu. Malipo ya maziwa na mahindi huingia kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007. Hata kujisajili bima ya afya ya SHA ni kubonyeza *147#. Kwa hivyo simu ikizima saa nne asubuhi na ilichajiwa usiku kucha, hasara ni kubwa kuliko chaji iliyopotea. Mtu ameshafika Eldoret, yuko kwenye foleni, na namba ya vocha ya mbolea imefungiwa ndani ya kioo cheusi.

Hapo wengi husema simu imezeeka, wakaanza kutafuta nyingine, mara nyingi ya kulipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Naona uamuzi huo huja mapema mno. Kioo kizima, kamera nzima, sauti nzima. Kilichochoka ni kipande kimoja ambacho fundi hukibadilisha ukimngoja. Kazi ni kujua lini betri imefika mwisho kweli, lini inasingiziwa, na lini haifai kungojwa hata siku moja.

Je, wajua betri huzeeka hata ikikaa kabatini?

Betri za lithiamu zinazoweza kuchajiwa upya ziliingia sokoni 1991 kupitia Sony. Msingi wake uliwekwa na John Goodenough na wenzake Oxford mwaka 1980, na Akira Yoshino wa Japani akatengeneza mfano uliofaa kutumika mwaka 1985. Wawili hao, pamoja na Stanley Whittingham, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mzee kuliko yeyote aliyewahi kupewa Nobel. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 100.

Ndani ya betri, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine unapochaji, na kurudi unapotumia. Kila safari huacha utando mwembamba juu ya grafiti, na utando huo hula lithiamu ambayo hairudi tena. Utando hukua hata simu ikiwa imezimwa. Unakua haraka zaidi pakiwa na joto, na haraka zaidi tena betri ikiwa imejaa kabisa. Vipimo ambavyo mafundi hupenda kuvirejelea ni hivi: betri iliyowekwa mwaka mmoja ikiwa na chaji ya asilimia 40 mahali penye nyuzi 25 za Selsiasi hubaki na karibu asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa imejaa pomoni katika joto lile lile, hubaki na 80. Iwekwe imejaa kwenye nyuzi 40, itabaki na 65 hivi.

Kwa hivyo simu "mpya" iliyokaa dukani miaka mitatu haina betri mpya. Na ile ya akiba uliyoifungia sandukuni, ichaji hadi nusu, uizime, na kila baada ya miezi michache uitazame. Ikiisha kabisa na kukaa hivyo muda mrefu, volti hushuka mpaka saketi ya ulinzi inakataa kuipokea chaji. Kuna mafundi ambao huishtua kwa umeme wa nje ili iamke. Huamka, lakini shaba iliyokwisha kuyeyuka ndani inaweza kuzua hitilafu baadaye. Mimi betri iliyoshtuliwa nisingeilaza kando ya mtoto.

Je, wajua baridi ya Uasin Gishu ni rafiki wa betri yako?

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Simu inayoishi Sugoi, matumizi yakiwa sawa, ina nafasi ya kudumu kuliko pacha wake aliye Mombasa au Lodwar. Mwendeshaji bodaboda ndiye anayeipoteza faida hiyo, maana huibana simu kwenye usukani juani kutwa nzima, ramani imewaka, na chaja ya pikipiki imechomekwa. Jua, kioo na chaji kwa pamoja: hakuna njia ya haraka zaidi ya kuichosha betri.

Lakini baridi hiyo hiyo hufichua ugonjwa. Betri inapozeeka hupoteza vitu viwili. Cha kwanza ni ujazo, kiasi cha umeme inachobeba. Cha pili, ambacho watu hawakijui sana, ni uwezo wa kuutoa umeme huo kwa kasi, kwa sababu ukinzani wa ndani umeongezeka. Fikiria kibuyu cha mursik ambacho shingo yake imeanza kuziba: maziwa yamo, ila ukitaka kumimina kwa haraka hayatoki. Baridi huizidisha hali hiyo, kwa kuwa kemikali za ndani huenda polepole.

Ndiyo maana simu huzima alfajiri ikiwa na asilimia 30, unapowasha tochi au kamera, kisha ukiichomeka inarudi na kuonyesha 25. Chaji haikuwa imeisha. Simu iliomba umeme mwingi kwa ghafla, volti zikaanguka, nayo ikajizima ili isiharibike. Kama hilo hutokea mara kwa mara, na si kwenye baridi tu, hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Betri yenye ujazo mdogo lakini thabiti unaweza kuishi nayo. Betri inayodanganya huwezi, hasa ukiwa katikati ya kutuma pesa.

Je, wajua kuchomeka simu mara moja si mzunguko mmoja?

Mzunguko huhesabiwa umeme unaolingana na betri nzima unapotumika. Ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, hata ukichomeka mara sita, umemaliza mzunguko mmoja. Apple husema betri za iPhone 14 na zilizotangulia ziliundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 katika hali nzuri. Kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Tangu 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unataka simu mpya zinazouzwa huko zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko isiyopungua 800.

Piga hesabu yako. Anayetumia asilimia 60 kwa siku humaliza mizunguko 800 baada ya siku 1,333 hivi, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Anayemaliza betri nzima na kuanza nyingine jioni huifikia 500 ndani ya mwaka mmoja. Umri wa simu peke yake hausemi mengi.

Na ile desturi ya kuichaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha? Ni urithi wa betri za nikeli. Kwa lithiamu haina faida yoyote, wala kuimaliza mpaka izime kila mara hakuisaidii. Inapenda kukaa katikati, kati ya 20 na 80, na simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia chaji ifikapo 80.

Je, wajua asilimia 80 si amri?

Namba hiyo imekuwa kama sheria: ikishuka chini ya 80, badilisha. Mimi siikubali hivyo hivyo. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, huuza Afrika simu nyingi zenye betri za mAh 5,000. Asilimia 80 ya hiyo ni mAh 4,000, na iPhone 14 ilitoka kiwandani na mAh 3,279. Yaani betri "mbovu" ya mmoja ni kubwa kuliko betri mpya ya mwingine. Swali la maana ni kama simu inakufikisha nyumbani jioni, na kama inazima kabla ya wakati wake.

Kupima si kazi ngumu. Kwenye iPhone, fungua mipangilio ya betri. Afya ya betri imeonyeshwa humo tangu toleo la iOS 11.3 la Machi 2018. Samsung huipima kupitia programu yake ya Samsung Members. Simu kadhaa za Android hufungua ukurasa wa siri ukibonyeza *#*#4636#*#*, japo nyingi za sasa zimeuficha. Programu ya AccuBattery hukadiria ujazo uliobaki kwa kuhesabu umeme unaoingia. Iache siku kadhaa kabla ya kuiamini.

Kipengele cha afya ya betri kwenye iPhone kilizaliwa na aibu kubwa. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Wenye simu hawakuwa wameambiwa waziwazi, na wengi walidhani simu zao zimepitwa na wakati, wakanunua mpya, ilhali betri tu ingezirudishia kasi. Mwaka 2018 kampuni ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, na mwaka huo huo Apple ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Kisa hiki kinastahili kukumbukwa na kila anayeambiwa dukani kuwa simu yake "imekuwa nzito" na dawa ni kununua nyingine.

Je, wajua mara nyingine betri inasingiziwa?

Simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti. Simu ya 2G katika masafa ya megahezi 900 inaweza kurusha hadi wati 2 kwa vipindi vifupi, na ile ya 4G karibu wati 0.2. Ukiwa kwenye bonde ambako mtandao unaruka kati ya 4G na 2G, simu hutafuta mnara kutwa, na chaji huisha ukiwa hujaigusa. Nenda nayo mjini siku mbili. Ikidumu vizuri Eldoret na kuisha haraka nyumbani, betri mpya haitakusaidia.

Kisha tazama tundu la chaji. Simu inayobebwa mfukoni shambani hukusanya vumbi na nyuzi za nguo, zikashindiliwa ndani na waya wa chaja kila usiku. Zima simu, mulika kwa tochi, na uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno. Jaribu waya mwingine. Angalia pia ni programu gani inayokula chaji. Mipangilio ya betri hutaja jina lake.

Na kama asilimia zinaruka, kutoka 40 hadi 12 kwa mfano, huenda ni kipimo kilichopotea hesabu. Chaji hadi 100, itumie mpaka izime yenyewe, kisha chaji bila kukatiza hadi 100 tena. Fanya hivyo mara moja tu. Ikiendelea kuruka, betri imechoka.

Je, wajua meza inaweza kukuambia hatari?

Laza simu chali, bila kava, juu ya meza iliyonyooka, kisha uizungushe kwa kidole. Simu nzima hukwama baada ya kuteleza kidogo. Ikizunguka kama pia, mgongo umefura. Tazama pia ukingo wa kioo: ukiona mwanya au mwanga ukipenya upande mmoja, kuna kitu kinasukuma kutoka ndani.

Betri hufura kwa sababu majimaji ya ndani yameanza kuvunjika na kutoa gesi. Hapo hakuna tena kuhesabu mizunguko wala kungoja mwisho wa mwezi. Acha kuichaji, izime, isogeze mbali na kitanda na nguo, uipeleke kwa fundi. Usiikandamize irudi, usiitoboe kuitoa hewa. Watu wameitoboa, na lithiamu ikashika moto mikononi mwao.

Hata makampuni makubwa yameungua. Septemba 2016 Samsung iliitisha simu milioni 2.5 za Galaxy Note 7 zirudishwe, na Oktoba ikaacha kabisa kuziunda. Agosti 2007 Nokia ilitoa onyo kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita. Msomaji wa makamo anaijua BL-5C hata kama amesahau jina: ndiyo iliyokuwa ndani ya Nokia 1100 ya 2003, mulika mwizi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ulifungua mgongo kwa kucha, ukatoa ya zamani, ukaweka nyingine, bila fundi. Hadi leo betri za umbo hilo hutumika kwenye redio ndogo za mkononi.

Uhuru huo unarudi kwa sheria. Kuanzia 18 Februari 2027, Umoja wa Ulaya utataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa zilizo imara sana na zinazokidhi masharti maalumu. Kwa kuwa Kenya hununua simu nyingi zilizotumika Ulaya, zile tunazoziita ex-UK, athari ya sheria hiyo huenda ikafika mikononi mwetu kwa njia ya mtumba.

Je, wajua lebo ya betri hujishtaki yenyewe?

Simama kando ya fundi hodari mjini Eldoret. Huanza kwa kuuliza simu ina chaji ngapi, na kama ni zaidi ya robo huiacha ishuke, kwa sababu betri tupu ina moto mdogo wa kutoa. Hupasha mgongo joto mpaka gundi ilegee, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki pembeni na kuizungusha taratibu. Akifungua, cha kwanza ni kuchomoa kiunganishi cha betri. Kisha hudondosha alkoholi chini ya betri, akangoja, akaivuta bila kuikunja. Ukiona bisibisi ya chuma ikitumiwa kama mtaimbo chini ya betri, mwambie asimame. Aliye makini huchomeka mpya na kuwasha simu kwanza, aone inachaji, ndipo abandike gundi. Ujue pia kwamba simu iliyokuwa ikistahimili maji huenda isistahimili tena baada ya kufunguliwa.

Kabla hajaibandika, omba uisome lebo. Kuna mAh, kuna volti, kuna Wh. Zidisha mAh kwa volti, ugawe kwa 1,000. Jibu lilingane na Wh. Betri ya mAh 5,000 na volti 3.85 lazima iandikwe 19.25 Wh au karibu na hapo. Lebo ambayo hesabu zake hazikubaliani iliandikwa na mtu asiyejua alichokuwa akikiuza. Vivyo hivyo betri yenye ukubwa ule ule wa zamani inayodai mAh 9,000. Bidhaa bandia si jambo geni kwetu: Oktoba 2012 Kenya ilizima simu bandia karibu milioni 1.9 kwa mpigo.

Anayenunua ex-UK ajihadhari na afya ya betri inayoonyesha 100. Kuna vifaa vya fundi vinavyoiandika upya namba hiyo. Kwenye iPhone za tangu 2018, angalia kama mipangilio inatoa ilani ya betri isiyotambuliwa.

Je, wajua uniti moja ya stima huchaji simu mara 40?

Betri ya 19 Wh huvuta takriban Wh 25 ukutani, ukihesabu na umeme unaopotea kama joto. Uniti moja ni Wh 1,000. Kwa hivyo anayeogopa kubadilisha betri kwa kudhani mpya itakula tokeni asiogope.

Hofu ya kweli ni bei. Oktoba 2023 Rais William Ruto, ambaye nyumbani kwake ni Sugoi, alizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na simu ya bei ya chini ikatoka kwa shilingi 7,499. Kwa simu ya kiwango hicho, betri pamoja na ufundi ikizidi theluthi ya bei ya mpya, nami ningesita. Ningesita pia kama simu yenyewe imeachwa nyuma na programu: Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia Android zilizo chini ya toleo la 5.0, na betri haiwezi kulitibu hilo. Lakini simu ya miaka mitatu, kioo kizima, programu zote zinafanya kazi? Badilisha betri, na pesa zilizobaki zikanunue mbegu.

Je, wajua betri yako huenda ilitoka kwa Waswahili wenzako?

Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa upande wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi. Wachimbaji wadogo huko hushuka mashimoni kwa mikono, na mashimo hayo hubomoka. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza nje kobalti ili kupandisha bei, kisha ikaweka viwango maalumu.

Kwa hivyo betri kuukuu isitupwe chooni wala isichomwe pamoja na mabua ya mahindi. Ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na ikioza humwaga metali kwenye udongo unaolimwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Bandika selotepu kwenye ncha za kiunganishi, iweke betri peke yake kwenye kikopo kikavu mbali na jiko, na iliyofura ikae nje ya nyumba. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za aina hii. Muulize fundi wako kama hukusanya za wateja na kuzipeleka mahali pa namna hiyo. Wateja wakiuliza vya kutosha, atakuwa na sababu ya kuanza.